Mwalimu na Watu Kumi na Wawili

Mwalimu alikuwa akienda sokoni na gorogoro yake mwenyewe. Kwa anayejua masoko yetu, hilo ni tusi. Gorogoro ni mkebe wa mafuta ya kupikia uliokwisha mafuta, nao ndio kipimo chetu cha mahindi na maharagwe kutoka Kangeta hadi Kiambere. Kila mama muuzaji ana wake, na kila mkebe umegongwa kitako kidogo kuelekea ndani, hivi kwamba ulichopimiwa sokoni sicho utakachokiona jikoni. Sote tunajua. Unaomba nyongeza, unatupiwa konzi moja juu, mnaagana kwa amani. Mwalimu hakuomba nyongeza. Alichomoa mkebe wake kikapuni, kitako kimenyooka kama siku kilipotoka kiwandani, akamimina humo maharagwe ya mama wa watu, halafu akapitisha rula juu ya mdomo wa mkebe. Rula! Ile ya mbao, ya darasani.

"Mwalimu, leo umekuja kunifilisi?"

"Nimekuja na kipimo kimoja cha nchi nzima. Wakubwa wa Uingereza walimlazimisha mfalme wao kukubali neno hili miaka mia nane iliyopita. Nafaka kipimo kimoja, pombe kipimo kimoja, kitambaa upana mmoja."

"Basi enda ununue maharagwe kwa huyo mfalme."

Mimi nilikuwa nimesimama mbali, upande wa viazi, nikijifanya nauliza bei. Kubishana bei ndiyo kazi yangu, na ndiyo burudani yangu. Lakini kubishana kuna adabu zake: wewe unanidanganya, mimi najua, wewe unajua kwamba najua, tunakutana katikati. Mtu anayeleta rula sokoni anaharibu mchezo, na anayeonekana naye hapunguziwi kitu mwezi mzima. Kwa hivyo nilimwonea haya. Nalisema hilo mapema kwa sababu aibu nitakayofikia mbele ni nyingine, na sitaki zichanganywe kwenye gunia moja.

Alinifundisha Historia katika shule moja ya bweni kule Embu. Mimi nilikuwa kijana wa Igembe niliyepelekwa mbali na nyumbani ili nisikue karibu na miraa. Haikusaidia, leo mimi ni broka wa miraa hapa Kangeta. Yeye alikuwa amepanga nyumba mtaa wa Dallas, huko huko Embu, na meza yake ya kulia ilikuwa na kitambaa cha miraba. Mwisho wa mwezi aliondoa sahani, akapanga punje za maharagwe kwenye miraba hiyo: hapa kodi, hapa karo, hapa kanisa. Alisema hivyo ndivyo hazina ya mfalme wa Uingereza ilivyokagua watoza ushuru wake, juu ya kitambaa kama hicho, mbele ya macho ya wote, kwa sababu hata mtu asiyejua kusoma anaona punje ikihamishwa.

Mkewe akauliza, "Na sisi tunaojua kusoma tutakula saa ngapi?"

Silabasi ilimpa yule mfalme wa kipimo kimoja ukurasa mmoja. Mwalimu alimpa muhula mzima. Na hakumtaja jina hata siku moja. Alimwita Yule Bwana. "Mfalme aliyewala yatima hastahili watoto wa watu wakariri jina lake," alisema. Nasi tukaenda kwenye mtihani wa taifa, tukaandika Yule Bwana, na msahihishaji akatupa tulichostahili.

Hiyo habari ya yatima ndiyo iliyokuwa ikimvunjia chaki ubaoni. Siku hizo, alitueleza, mwenye ardhi akifa na kuacha mtoto mdogo, mfalme aliweka mlezi. Mlezi alikula mazao mpaka mtoto akue. Alikata miti, akauza ng'ombe, akaacha paa lianguke, na mtoto alipokuwa mtu mzima alikabidhiwa magugu. Mjane naye alitozwa kabla ya kupewa fungu lake, akatozwa tena ili asiozwe kwa mtu asiyemtaka. Basi wakubwa walipombana Yule Bwana kwenye nyasi kando ya mto, wakamwekea mkataba mbele yake, yatima na wajane walikuwa kwenye vifungu vya mwanzo, kabla ya yale mambo makubwa ambayo vitabu hupenda kuyasifu.

Mwalimu aligonga ubao. "Kabla! Kwa nini kabla?"

Akatujibu mwenyewe.

"Kwa sababu mwizi wa usiku anajulikana ni mwizi. Mlezi huiba akishukuriwa."

Somo jingine alilolipenda lilikuwa la watu kumi na wawili. Zamani sana kule, mtu akishtakiwa hakuulizwa ushahidi. Aliapa kwamba hana kosa, kisha akaleta majirani kumi na mmoja, yeye mwenyewe akiwa wa kumi na mbili, wakaapa kwamba kiapo chake ni safi. Hawakuapa juu ya ng'ombe aliyepotea. Waliapa juu ya mtu. Kwa hivyo mwenye marafiki kumi na mmoja hakuwahi kuiba. Mwalimu alicheka sana alipofika hapo, akajifuta macho. Baadaye, akasema, sheria ilibadilika. Wakaitwa majirani kumi na wawili kamili, si kwa kuwa ni marafiki wa mtu bali kwa kuwa wanajua, wakatakiwa kusema wanachokijua hata kama hakipendezi.

"Ni majirani wale wale," alisema. "Benchi ni lile lile. Kilichobadilika ni swali wanaloulizwa."

Alipenda maswali. Aliyeuliza swali zuri alipewa alama mbili papo hapo, hata kama hakuna mtihani. Zangu ziko mahali, sijawahi kulipwa.

Nisiwape picha ya mtu wa maneno tu. Alitufundisha kwamba msemaji wa bunge, zamani zile, hakuwa mtu wa kuonewa wivu. Ndiye aliyempelekea mfalme maneno ambayo mfalme hataki kuyasikia, ndiyo maana aliyechaguliwa alikataa na kuvutwa hadi kitini. Wiki hiyo hiyo githeri ya shule, ule mchemsho wa mahindi na maharagwe, ilikuwa na wadudu. Tukachagua msemaji, na kwa kuwa nilikuwa na mdomo, nikachaguliwa mimi. Nilikataa, tena si kwa desturi ya Waingereza bali kwa woga wangu mwenyewe. Nikavutwa. Mwalimu alinisindikiza hadi ofisi ya mkuu wa shule, akasimama nyuma yangu muda wote, na mkuu alipopandisha sauti akasema, "Bwana mkuu, msemaji haadhibiwi kwa alichotumwa."

Nilichapwa. Yeye akapewa barua ya onyo. Lakini githeri ilibadilishwa, na kwa wiki nzima nilitembea bwenini kama waziri.

Alipostaafu alirudi Kangeta, shamba lake likipakana na la mama yangu, na hakukosa mkutano: wa maji, wa kanisa, wa barabara, wa mazishi. Popote alipokalia kiti cha mwenyekiti, sheria zake zilikuwa zile zile. Anayezungumza husimama. Anayelalamikiwa husimama pia, na hakai mpaka aliyemlalamikia amruhusu. Sijui kama hiyo ya mwisho aliitoa Uingereza au aliitunga, hakuna aliyekagua. Alihubiri hotuba fupi na zake zilikuwa ndefu. Alikataza watu kukatizana, naye alikatiza hata sala. Alisema hakuna mtu aliye juu ya sheria, ila mbwa wake mwenyewe.

Kaunti walikuja siku moja kuchukua maoni ya wananchi juu ya ushuru mpya wa soko. Mnaijua mikutano hiyo: hema, viti vya plastiki, kijana wa kamera, na kreti za soda zimepangwa pale ambapo kila mtu anaziona. Afisa alisoma kiwango kipya, akauliza kama kuna maoni, kwa sauti ya mtu anayeomba yasiwepo. Mwalimu akainuka.

"Malalamiko kwanza, ushuru baadaye."

"Mzee, ajenda ya leo ni ushuru tu."

"Wafalme wengi walijaribu hiyo. Mfalme akitaka pesa za vita, wawakilishi walimwambia: sikia kilio chetu kwanza, ndipo tufungue mfuko. Sasa, choo cha soko hakina mlango. Mama zetu wanaingia humo wakisitiriana kwa leso. Mlango kwanza."

"Mwalimu, kaa chini, soda zinapata moto!" sauti ikatoka nyuma.

"Nani amesema? Asimame."

Hema lote likacheka. Nilimvuta koti. "Mwalimu, si uwache hiyo maneno. Watu wana kazi."

"Wewe ni broka," akaniambia bila kugeuka. "Unataka kila kitu kiishe kabla hakijaanza."

Aliyepiga makofi ni mtu mmoja, Mama Makena, mjane wa ndugu yake, aliyekuwa akiuza ndizi hatua chache kutoka choo hicho. Alipiga peke yake mpaka wanawake wengine wakajiunga. Mlango ulipatikana, wa mabati, wenye komeo la ndani. Ushuru ulikuja baada yake. Mpaka leo nikipita hapo namkumbuka, na ninaona haya kwamba nilikuwa nimeshika koti.

Sasa nifike kwenye mbaine.

Mbaine ni miti ya miraa ya kale, iliyopandwa na mababu wa mababu, mashina yamepinda kama magoti ya wazee. Kwetu mwanamke haichumi. Ni desturi, na desturi ikikufaa unaiheshimu sana. Ndugu ya Mwalimu alipofariki alimwachia Mama Makena mabinti tu, na safu ya mbaine ng'ambo ya kijito. Mwalimu alisema mbele ya waombolezaji, "Nitaitunza mpaka mambo yapangwe." Watu wakasema amina.

Mambo hayakupangwa. Wachumaji wa Mwalimu walivuka kijito, wakachuma, wakarudi. Na kila mwisho wa mwezi Mwalimu mwenyewe alibeba mahindi hadi mlangoni kwa shemeji yake, akampimia kwa ile gorogoro yenye kitako kilichonyooka, akapitisha rula. Hakumpunja hata punje moja. Majirani walimtaja kuwa mfano makanisani. Mama Makena alisema asante, kwa sababu mahindi yalikuwa ya kweli na mabinti walikuwa na njaa ya kweli.

Na mimi nilinunua. Mchumaji anaweza kuniambia lolote. Mimi naitazama miraa. Vichipukizi vya ng'ambo ya kijito ni vyekundu zaidi, vifupi, vikivunjwa vinalia. Ukinifunga macho nitakuambia kwa kidole. Kila asubuhi nilihesabu mabunda mara mbili, nikayafunga kwa majani ya mgomba, nikayapakia. Nilihesabu mabunda. Hesabu yangu iliishia hapo.

Halafu Makena, binti wa kwanza, akapata nafasi chuoni, Embu. Mama yake akaenda kwa Mwalimu akiwa amevaa nguo za kanisani. "Mwalimu, ule wakati wa mambo kupangwa umefika. Nataka miti ya bwana yangu."

Mwalimu akamwambia mahindi ataongeza.

"Sijasema mahindi."

Akaenda kwa naibu wa chifu, ambaye naye aliwahi kufundishwa na Mwalimu. Naibu akaangalia simu yake kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Nani ataniheshimu tena nikimwita Mwalimu nimhukumu?" Mwalimu aliposikia kwamba ameshtakiwa, akatangaza mwenyewe kwamba jambo hilo litaamuliwa nyumbani, kwa haki, na watu kumi na wawili. Mama Makena akakubali. Alikuwa amelisikia somo hilo kutoka kwa wanafunzi wa miaka mingi, na alijua lina maana gani: majirani watasema wanachokijua.

Tulikutana uani kwa Mwalimu, asubuhi, umande haujakauka. Mabenchi mawili ya kanisa. Mama Makena amekalia kiti cha plastiki, peke yake. Mwalimu yuko nyuma ya meza yenye kitambaa chake cha miraba, hakuna punje juu yake, rula tu. Alikuwa amevaa koti lile lile nililolivuta.

Nilihesabu watu kwenye mabenchi, kwa mazoea. Kumi na mmoja. Nikahesabu tena nikianzia upande ule mwingine. Kumi na mmoja, na mimi nimo. Nikafikiri kuna aliyechelewa.

"Baite, majirani zangu," Mwalimu akaanza, "mnanijua. Mnajua maisha yangu. Nimefundisha watoto wenu. Naapa mbele ya Mungu kwamba mali ya ndugu yangu nimeitunza kwa uaminifu. Kila mmoja asimame, aseme kama kiapo changu ni safi."

Hapo ndipo nilipoelewa hesabu. Hakuna aliyechelewa. Wa kumi na mbili alikuwa yeye.

Jirani wa kwanza akasimama. "Mwalimu ni mtu safi."

Wa pili: "Amenifundishia watoto watatu. Ni safi."

Wa tatu: "Huyu ni mtu wa kipimo. Nani hajui? Safi."

Hakuna aliyesema uongo, na ndilo lililoniuma. Kila neno lilikuwa kweli. Mama Makena aliwatazama mmoja mmoja kama anayekagua mikungu ya ndizi akijua ni upi ulioiva kwa dawa. Kadiri benchi lilivyokuwa likisimama na kukaa, mikono yake ilizidi kutulia mapajani. Alikuwa ameanza kuelewa ameitwa kwenye nini.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Neno "safi" lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Ni neno jepesi, na wenzangu kumi walikuwa wameshalilainisha. Nikasimama. Nikaangalia miraba ya kitambaa, ile ile ya Dallas. Yule mtu aliyecheka mpaka akajifuta macho, akituambia kwamba mwenye marafiki kumi na mmoja hakuwahi kuiba, ndiye aliyekuwa mbele yangu akiwa ametuhesabu vizuri. Nilimwonea aibu mpaka masikio yakapata moto. Kisha nikakumbuka miraa yangu ya asubuhi ile ilikuwa ya rangi gani.

"Mwalimu, nina swali."

"Huu si wakati wa maswali, kijana."

Nina mvi.

"Tumeitwa kuapa, au tumeitwa kusema?"

Kuku alipita katikati ya ua akikwaruza, na kila mtu alimtazama yule kuku kwa bidii. Mwalimu aliweka mkono juu ya rula, akautoa, akauweka tena. Uso wake haukukasirika. Ungekasirika ingekuwa nafuu.

"Hilo," akasema polepole, "ni swali la alama mbili."

"Na jibu?" akauliza Mama Makena.

Mwalimu aliisukuma rula kando.

"Kusema," akajibu. "Semeni mnachokijua."

"Mbaine za ng'ambo ya kijito ni za ndugu yako," nikasema. "Miraa yake ina rangi yake."

"Umejuaje?" akauliza Mwalimu.

"Nimeinunua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuiuza."

"Na ulijua ni ya nani?"

"Nilijua."

Mwalimu akainuka. Akaizunguka meza, akaenda kusimama mahali peupe, mbele ya kiti cha plastiki, mikono imening'inia. Sikuwahi kumwona bila kitu mkononi.

"Basi njoo usimame huku," akaniambia.

Nikaenda. Siku zote nilimjua kuwa mrefu kuliko mimi. Tulikuwa sawa.

Mama Makena akawageukia waliobaki kwenye mabenchi. "Na nyinyi? Wewe, wachumaji wake ni wa nyumbani kwako, uliwapeleka kwa mkono wako. Wewe unapita hapo kila asubuhi na maziwa, mnasalimiana nao. Na wewe ulisema amina mazishini, nilikusikia." Akaonyesha kwa kidevu mahali tuliposimama. "Huko bado kuna nafasi."

Kisha benchi likalia. Akaja mmoja, wakaja wawili, mzee mmoja akisaidiwa na mwingine. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Tulisongamana kwenye jua kama mbuzi wa mnada, Mwalimu akiwa katikati. Nikahesabu, nikahesabu tena. Sasa tulikuwa kumi na wawili kamili.

"Kesho naleta wachumaji wangu," Mama Makena akasema.

"Lakini mama, desturi inasema mwanamke chini ya mbaine..." mmoja wetu akaanza.

"Nitasimama chini yake mwenyewe. Mti ukikauka, mtaniita."

Mwalimu akatazama nyuma. Meza yake ilikuwa pale, na kiti nyuma yake, hatua nne. Lakini sheria ya anayelalamikiwa alikuwa ametufundisha mwenyewe.

"Mke wa ndugu yangu," akasema. "Naomba kukaa."

Mama Makena akamtazama. Halafu akatutazama sisi sote, kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, na kurudi.

"Bado kidogo, Mwalimu," akasema.

Tukasimama.